Safari ya Gari Hadi Pwani: Ipangeni Mkiwa Wawili



Mama mmoja ametuletea swali kutoka upande wa mlima. Yeye na mumewe wako katika mwaka wa kumi na mbili wa ndoa, na wamejaliwa watoto watatu. Wamenunua gari, kuukuu lakini lao, na shule zikifungwa mwezi wa Agosti wangependa kuwapeleka watoto Mombasa na Malindi wakaione bahari. Shida ni kwamba kila akiuliza habari za safari, mumewe humwambia apange nguo na chakula, hayo mengine amwachie yeye. Mama huyu hataki ugomvi. Anauliza tu kama ni vibaya mke kutaka kujua.

Mama, si vibaya. Nami sikujibu kwa yale niliyosoma tu. Mimi mwenyewe nilikuwa mume wa namna hiyo, na nitawaeleza yaliyonipata. Kwanza lakini tuitazame njia yenyewe, kwa maana wengi wetu wa bara tunaizungumza kana kwamba ni njia ya kwenda sokoni. Tunasema, "Nashuka Mombasa," basi tunaingia garini.

Njia ilivyo

Kutoka Nairobi mpaka Mombasa ni kilomita 480 hivi. Mnatoka kwenye baridi ya nyanda za juu, mnapita Salama, Sultan Hamud na Emali, na kila mji joto linaongezeka kidogo. Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo mpaka leo huwapa wasafiri wa kila dini chakula bila malipo. Tangu Kibwezi mnaanza kuona mibuyu. Mtito Andei ni kama nusu ya safari, na hapo ndipo mambo hubadilika. Kuanzia hapo hadi Voi, karibu kilomita 100, barabara inapita kati ya mbuga mbili, Tsavo Magharibi mkono wa kulia na Tsavo Mashariki mkono wa kushoto, ambazo zilitengwa mwaka 1948. Maduka ni machache na mafundi ni wachache zaidi. Udongo ni mwekundu, na ndovu ni wekundu kama udongo.

Baada ya Voi mnapita Maungu, kisha mnaingia nyika ya Taru: Buchuma, Mackinnon Road, Taru yenyewe, Samburu, mpaka mnapoanza kuona minazi karibu na Mariakani. Si jangwa la mchanga mtupu kama Chalbi kule Marsabit. Ni vichaka vya miiba, ardhi kavu, na anga isiyo na wingu. Lakini wasafiri wa zamani waliita Jangwa la Taru, na hawakukosea. Misafara iliyotoka pwani ilipita hapa kwa miguu, na maji waliyotegemea yalikuwa yale ya mvua yaliyotuama katika mashimo ya miamba, yanayoitwa ngurunga. Ukikuta ngurunga imekauka, ulikuwa huna la kufanya ila kuendelea kutembea. Joseph Thomson alipita hapo na wapagazi wake mwaka 1883. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, maji ya wafanyakazi yalibidi kuletwa kwa treni kutoka nyuma.

Leo mna lami, na kando yenu inapita reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Lakini jua ni lile lile, na maji bado hayako njiani. Anayeipita nyika ile akiwa na watoto hana budi kuyabeba.

Yaliyonipata mimi

Ilikuwa Agosti 2011. Tulikuwa na watoto watatu, na kitinda mimba alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache. Majuma mawili kabla ya safari, fundi aliniambia kwamba rejeta inavuja na inafaa kubadilishwa. Fedha za kuibadilisha nilikuwa nazo, shilingi elfu nane. Lakini juma lilo hilo ndugu yangu alinijia na shida ya karo, nami nikampa zile elfu nane. Sikumwambia mke wangu. Nilijua angeuliza, na nilijua sitakuwa na jibu zuri, maana haikuwa mara ya kwanza. Nikamwambia fundi azibe kwa gundi, tutaona tukirudi.

Siku ya safari tulichelewa kuondoka. Tulitoka saa tatu badala ya saa kumi na mbili, nami nikawa na hasira, nikajitahidi kuufidia ule wakati kwa kukanyaga mafuta. Mtito Andei tulisimama dakika kumi. Voi sikusimama kabisa, ingawa mke wangu aliomba tusimame mtoto abadilishwe. Nilisema tutasimama mbele.

Tulipopita Maungu niliona mshale wa joto umeanza kupanda. Nikanyamaza. Ukapanda tena. Mama watoto akaniuliza mbona natazama pale mara kwa mara. Nikamjibu kwamba ni jua tu. Baada ya kilomita chache mvuke ukatoka chini ya boneti, nikalazimika kusimama kando ya barabara, saa tisa ya mchana, malori yakitupita kwa kishindo na kutikisa gari letu. Maji tuliyokuwa nayo yalikuwa chupa tatu ndogo, na mbili zilikuwa zimekwisha kunywewa.

Nilifungua boneti na kunyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Dereva wa lori aliyekuwa amesimama mbele yetu akapiga kelele, "Usifungue, mzee!" Alinikimbilia, akanishika mkono. Naamini mtu huyo aliniokolea macho, na jina lake sikuuliza. Utingo wake alitupatia mtungi wa maji wa lita kumi, nusu ya watoto na nusu ya gari, nasi tukakaa kwenye kivuli cha lori tukingoja injini ipoe. Mtoto mdogo alikuwa ameacha kulia, na wale mlio wazazi mnajua kwamba hiyo ni mbaya kuliko kulia. Mama yake alimlowesha kitambaa kichwani na kumnywesha maji kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa.

Ndipo akaniuliza neno moja: "Ulijua?"

Nikasema nilijua. Nikamweleza na zile elfu nane.

Nilitazamia aseme juu ya ndugu yangu. Hakusema. Alisema, "Ungeniambia, ningebeba maji."

Tulifika Mombasa usiku, tukisimama kila baada ya kilomita ishirini kuongeza maji. Watoto waliiona bahari na wakafurahi. Sisi wawili tulikaa siku nne tukizungumza nao na si sisi kwa sisi. Nimeyafikiri maneno yale miaka mingi. Mke wangu hakutaka kunikataza kumsaidia ndugu yangu, wala kuniendeshea gari. Alitaka kupewa nafasi ya kuwatunza watoto wake kwa kujua hali ilivyo. Nami nilipomnyima habari nilimnyima nafasi hiyo, kisha nikampeleka mahali ambapo alihitaji kuwa nayo.

Jioni ya kwanza: gari

Tangu siku hiyo tuna desturi nyumbani. Kabla ya safari ndefu tunakaa mezani jioni tatu, watoto wakiwa wamelala, na daftari moja. Mimi nasema, yeye anaandika. Halafu yeye anasema, na mimi naandika.

Jioni ya kwanza ni ya gari. Mume, au yeyote anayelitumia gari zaidi, aseme yote ayajuayo: linavuja wapi, linalia wapi, fundi alisema nini na hakikufanywa. Gari lipelekwe kwa fundi majuma mawili mbele, si siku moja kabla, ili kama kuna kipuri cha kununuliwa kiwe kimejaribiwa kwa siku kadhaa. Rejeta na mipira yake, mkanda wa feni, breki, oili, betri, taa zote. Magurudumu yapimwe upepo asubuhi yakiwa baridi, na usisahau spea. Watu wengi hugundua kwamba spea haina upepo siku ile wanapoihitaji. Toeni jeki muone kama inafanya kazi. Na ninyi kina mama, jifunzeni kubadilisha gurudumu nyumbani uani, siku isiyo na haraka. Mke wangu sasa hunishinda.

Sheria inataka muwe na pembetatu za tahadhari, zile tunazoziita laifseva. Wekeni pia sanduku la huduma ya kwanza na tochi. Watoto wafungwe mikanda. Kumpakata mtoto kiti cha mbele si upendo.

Sasa maji. Sisi huhesabu lita nne za kunywa kwa kila mtu kwa siku katika sehemu ile ya joto. Familia ya watu watano ni lita ishirini, na hayo ni ya watu. Gari lina mtungi wake mwingine, wenye alama, usioguswa. Ongezeni na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, zile mnazopewa kliniki mtoto akiharisha. Huuzwa duka la dawa, na hazina uzito.

Ikitokea gari limechemka, fanyeni hivi. Zimeni kipoza hewa, washeni hita hata kama mtaungua kwa joto, kwa sababu hita huvuta joto kutoka kwenye injini. Tafuteni mahali pa kusimama nje ya barabara kabisa, zimeni injini, wekeni pembetatu mbele na nyuma. Watoto watoke kwa mlango ulio mbali na malori. Ngojeni angalau nusu saa, na ikiwezekana zaidi. Kifuniko kifunguliwe injini ikiwa imepoa tu, kwa kitambaa kinene, polepole, uso ukiwa mbali. Msimwage maji baridi kwenye injini ya moto, inaweza kupasuka. Na kati ya Mtito Andei na Voi msiwaache watoto waingie vichakani. Ile ni nchi ya wanyama. Simba waliowaua wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898 walikufa zamani, lakini simba wako.

Jioni ya pili: siku na saa

Hapa ndipo wenzi wengi hugombana. Mume atasema kwamba Mombasa inafikika kwa siku moja. Ni kweli, inafikika. Wapo wanaofika kwa saa nane au tisa. Lakini mzee, wewe ni dereva mmoja, una watoto watatu, na sehemu ngumu ya njia utaifikia alasiri, wakati jua na usingizi viko juu yako. Sisi tunalala Voi. Tukitoka Nairobi saa kumi na mbili alfajiri, tukasimama kila baada ya saa mbili, tunakuwa Voi kabla ya saa kumi. Watoto wananyoosha miguu, gari linapoa, na asubuhi yake tunaivuka nyika ya Taru jua likiwa bado changa. Saa nne tuko Mariakani tunakunywa madafu.

Usiku msiendeshe. Sehemu kubwa ya barabara ile ni ya njia mbili tu, mmoja anakwenda na mwingine anakuja, na malori ni mengi. Lori likiharibika huachwa pale pale, mara nyingine bila taa wala alama ila matawi ya miti yaliyotupwa barabarani. Mkiyaona matawi hayo, punguzeni mwendo. Ndovu nao huvuka, ingawa chini ya reli mpya waliachiwa mapito yao.

Hesabu yetu ni siku saba. Ya kwanza Nairobi hadi Voi, kilomita 330 hivi. Ya pili Voi hadi Mombasa, 160. Ya tatu kukaa Mombasa. Ya nne kwenda Malindi, kilomita 120, mkipita Mtwapa na kuvuka daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991. Ya tano kukaa Malindi. Ya sita kurudi mpaka Voi, na ya saba nyumbani. Kuna njia nyingine ya kutoka Malindi kwenda Voi kupitia lango la Sala, ndani ya Tsavo Mashariki, kando ya mto Galana. Wanaume huipenda kwa sababu kwenye ramani inaonekana ni mkato. Ni nzuri, lakini kumbukeni kwamba mnaingia mbugani, kwa hiyo kuna ada, malango hufungwa jioni, na mvua ikiwa imenyesha gari dogo litawatesa. Kama hamna gari refu na hamna siku ya akiba, rudini kwa lami.

Juu ya majira: Agosti ni mwezi mzuri kwa sababu Tsavo ni kavu na joto si kali kama la Januari hadi Machi. Aprili na Mei kuna masika. Disemba bahari ni tulivu zaidi kwa upepo wa kaskazi, lakini watu wote wanashuka, na malazi hupanda bei. Mvua kubwa si ya kudharauliwa. Zile za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliikata barabara hii, na watu wakalala njiani na magari yao.

Na kuna sharti moja tuliloliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Yeyote akisema "tusimame," tunasimama. Hatuulizi kwa nini. Dereva hajibu kwamba tutasimama mbele. Kama mke ana leseni, naye aendeshe, na mume asiketi pembeni akikanyaga breki za hewani.

Jioni ya tatu: fedha

Anzeni na petroli, kwa kuwa hiyo ina hesabu. Kwenda na kurudi, Nairobi, Mombasa, Malindi, ni kama kilomita 1,220. Ongezeni 200 za kuzunguka mijini. Gari likila lita moja kwa kilomita kumi, mnahitaji lita 142, na mie hununua katika mawazo lita 160. Zidisheni kwa bei iliyotangazwa. Bei hubadilika tarehe 15 ya kila mwezi, kwa hiyo kama safari yenu inaivuka tarehe hiyo, acheni nafasi. Jazeni tangi Mtito Andei au Voi, msingoje taa iwake.

Kisha malazi, kisha chakula, kisha kiingilio cha mahali mnapotaka kuona. Mwisho fungu la dharura, sehemu moja ya tano ya jumla yote. Kwetu fungu hilo hukaa kwenye simu ya mama watoto, na mimi siligusi bila yeye. Simu ya pili iwe na fedha kidogo pia, maana simu huibwa na betri huisha. Noti chache ziwe mfukoni kwa mahali pasipo na mtandao.

Lakini jioni hii haihusu safari peke yake. Ndiyo jioni ya kuambiana nani ameahidiwa nini. Kama umemwahidi mama yako, au shemeji yako, au chama, sema sasa. Mwenzako anaweza kukasirika mezani, na meza ina maji, ina taa, na watoto wamelala. Afadhali hapo kuliko Buchuma. Mwaka uliofuata nilimwambia mke wangu mapema kwamba ndugu yangu ana shida tena. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema tumpe nusu na tuiahirishe safari hadi Disemba. Tukaiahirisha. Ndugu yangu alikuja mwenyewe kumshukuru, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nilipokuwa nampa kwa siri.

Mkilala kwa jamaa Mombasa, pigeni simu mapema na mseme ni wangapi, na mtakaa siku ngapi. Familia ya watu watano si mgeni mmoja. Chukueni kitu cha kutoka bara: viazi, maharagwe, majani chai. Mke asiachwe jikoni kwa wenyeji siku nzima huku mume na watoto wako ufuoni; hilo nalo liandikwe kwenye daftari.

Mkifika

Kuhusu yale ya kuona sitasema mengi, kila familia ina yake. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, watoto wa shule hawataki kuikosa. Jumapili Misa mtaipata kanisa kuu la Roho Mtakatifu, katikati ya mji. Malindi kuna nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika mwaka 1498, na kile kikanisa kidogo cha Wareno. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitua Malindi mwaka 1542 akielekea India.

Mambo mawili lakini siwezi kuyapita.

La kwanza ni homa. Pwani kuna malaria, na sisi tuliozaliwa sehemu za baridi miili yetu haijaizoea. Laleni ndani ya chandarua, wote, kila usiku. Mama mjamzito aende kliniki kabla ya safari aulize kama anafaa kwenda na atumie dawa gani. Mkirudi nyumbani na mtoto akapata joto hata baada ya majuma mawili, mwambieni daktari kwamba mlikuwa pwani. Upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa, kuna kaburi la Rosina, mke wa mmisionari Krapf. Alifariki kwa homa Julai 1844, siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wake mchanga akamfuata. Mumewe naye alikuwa mgonjwa kitandani. Mimi na mke wangu tulisimama pale bila kusema neno, na usiku huo yeye alikagua vyandarua mara mbili.

La pili ni bahari yenyewe. Mtu wa bara hudhani maji ya bahari yanakaa mahali pamoja kama ya bwawa. Hayakai. Hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu, wanaouita bamvua, hutoka mbali sana na kurudi kwa nguvu. Mtoto anaweza kutembea juu ya miamba saa nne akiokota kome, na saa saba njia aliyopitia isiwepo. Waulizeni wenyeji kila asubuhi maji yanajaa saa ngapi. Hawatawacheka, au watawacheka kidogo tu. Agosti upepo wa kusi bado unavuma na mawimbi yapo. Mmoja wenu awe anawatazama watoto, kwa zamu inayojulikana, si kila mmoja kudhani mwenzake anatazama.

Mama uliyetuuliza, usianze kwa kumwuliza mumeo kwa nini hataki kukuambia. Mwombe akufundishe kubadilisha gurudumu. Wanaume tunapenda kufundisha. Ukiwa umepiga magoti pale kando ya jeki, mwulize kwa upole gari lina hali gani, na uje na kalamu.

Mazungumzo ya wawili nyumbani

Katika safari yetu ya mwisho, ni mara ngapi mmoja wetu alitaka kusimama na akanyamaza? Ni nani kati yetu anayejua kwa hakika ni fedha ngapi zimebaki, na mwingine anajuaje? Kuna jambo gani juu ya gari, juu ya fedha au juu ya afya yangu ambalo mwenzangu angependa kulijua kabla hatujapita Voi?